Saa Kwanza, Kipimo Baadaye

Usiku mmoja wa Ramadhani nilijifungia stoo baada ya futari ili nichape picha moja tu. Nilipotoka, watu walikuwa wanaamshana daku. Kwenye ndoo ya taka nikahesabu vipande kumi na saba vya karatasi ya picha na picha nzima nne, zote za negativu ile ile: mzee wa Bagamoyo, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, amesimama mbele ya mlango wa nakshi uliokolea weusi kwa mafuta na miaka. Nikiipata kanzu na mikunjo yake, mlango unageuka shimo. Nikizipata nakshi za mlango, kanzu inabaki karatasi tupu yenye kichwa juu yake.

Na karatasi yenyewe haiokotwi. Ile ya Ilford Multigrade ya inchi 8 kwa 10, huko Uingereza inakotengenezwa, inazidi pauni moja kwa kipande. Ikishapanda ndege, ikalipiwa ushuru na asante ya aliyeibeba, mimi huihesabu shilingi 5,000. Vipande kumi na saba ni kama karatasi tatu na nusu, ongeza zile nne. Usiku ule nilitupa karibu shilingi 38,000, na picha sikuipata.

Vijana wa Dar na Nairobi waliorudia filamu hukwama hapo hapo nilipokwama mimi. Wameshapata mashine ya kukuzia, ya mtumba, aghalabu kutoka studio iliyofungwa. Trei wanazo, taa nyekundu wanayo, na fedha kidogo imebaki. Wainunulie saa, au kile kipimo cha mwanga ambacho wauzaji hukiita analaiza? Siku hizi vyote viwili huuzwa hata ndani ya boksi moja, ndiyo maana watu huvichanganya. Saa huwasha taa ya mashine na kuizima muda uliopangwa unapokwisha. Analaiza ina jicho dogo unaloliweka ubaoni, mahali karatasi itakapokaa. Husoma mwanga unaopenya negativu na kukuambia muda gani utumie na filta ya gredi ipi, yaani ukali wa tofauti kati ya weupe na weusi. Kipimo kinashauri, saa inatii.

Jibu langu ni kwamba kabla ya vyote viwili kuna jambo lisilouzwa dukani, nalo ni namna ya kuhesabu.

Wengi wetu tulifundishwa kujaribu kwa sekunde tano tano: 5, 10, 15, 20, 25. Zinaonekana ngazi zilizolingana, kumbe hazilingani hata kidogo. Kutoka 5 kwenda 10 mwanga umekuwa mara mbili. Kutoka 20 kwenda 25 umeongezeka robo tu. Ukikitazama kipande chako cha majaribio, utaona hatua ya kwanza inaruka kutoka weupe wa chaki mpaka kijivu, na mbili za mwisho zinafanana kama mapacha. Karatasi inahesabu kwa kuzidisha, na jicho vilevile. Mpiga picha analijua hilo kwenye lenzi yake: stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake. Basi anzia sekunde 8 upande kwa theluthi ya stopu: 8, 10.1, 12.7, 16, 20.2, 25.4, 32. Sasa kila hatua kwenye kipande inatofautiana na jirani yake kwa kiasi kile kile, na jibu unaliona bila kukodoa macho. Gene Nocon, mchapaji picha aliyefanya kazi London, ndiye aliyeueneza sana utaratibu huu kwa kitabu chake cha 1987, Photographic Printing, na saa ikatengenezwa yenye jina lake.

Faida yake kubwa huonekana siku ya pili. Ukiandika daftarini kwamba mlango ulizibiwa mwanga kwa mkono theluthi mbili za stopu, maandishi hayo yanabaki kweli hata ukikuza picha hadi inchi 16 kwa 20. Muda wa msingi utabadilika: negativu ya milimita 35 iliyotoka vizuri kwa sekunde 10 kwenye karatasi ndogo itataka kama sekunde 35 kwenye hiyo kubwa, kwa lenzi iliyofunguliwa vile vile. Zile theluthi mbili hazibadiliki. Aliyeandika "ziba sekunde nne" anaanza upya.

Jedwali la stopu ni bure. Liandike leo, libandike ukutani juu ya mashine, na hata saa duni itakufaa. Ansel Adams, ambaye hakukosa uwezo wa kununua saa, alihesabu sekunde zake kwa metronomu, kile kidude cha wanamuziki kinachogonga kwa mpigo usiobadilika, kwa sababu sikio linahesabu wakati macho na mikono vimeshughulika kuziba na kuachia mwanga. Nami nilifanya hivyo miezi mitatu kwa metronomu ya simu, skrini imefunikwa kabisa na simu iko mfukoni. Usiiache ikae mezani. Karatasi ya gredi nyingi inaona bluu na kijani, na skrini ya simu imejaa rangi hizo.

Tuje kwenye saa za kununua.

Za kale zilikuwa za mota. Huko Marekani, GraLab 300 yenye uso mkubwa unaong'aa gizani ilitundikwa kwenye vyumba vya giza miongo na miongo, na bado zinauzwa mitumba kwa bei ya kuvutia. Ni imara kama jiwe la kusagia. Lakini saa yoyote ya mota ya Kimarekani inataka volti 120, na transfoma ya kushusha volti unayoinunua Kariakoo haitoshi. Mota ya namna hiyo hufuata mapigo ya umeme: kule ni 60 kwa sekunde, kwetu ni 50. Transfoma hushusha volti, mapigo hayaguswi. Kwa hiyo saa itatembea, tena bila kelele, lakini pole pole, na ukipanga sekunde 20 utapewa 24. Nami niliinunua moja ya namna hiyo bila kusoma kibandiko cha nyuma, nikalaumu karatasi wiki mbili. Hitilafu yenyewe haina madhara kwa kuwa haibadiliki, mradi ujue ipo. Nitairudia saa hiyo mwishoni.

Zinafuata saa za tarakimu za kawaida, za Paterson, Kaiser na wenzao. Unapanga sekunde na sehemu ya kumi ya sekunde, unabonyeza, basi. Mtumba wake Ulaya ni bei ya boksi moja au mawili ya karatasi, na ukiwa na jedwali lako ukutani hutakosa kitu kikubwa. Kwa mtu anayechapa picha mbili tatu kwa mwezi, ningeishia hapo na fedha iliyobaki ningeinunulia karatasi.

Juu yake ziko saa zinazohesabu kwa stopu zenyewe. RH Designs ya Uingereza wanayo StopClock, na Darkroom Automation ya Marekani wana yao. Unapanga muda wa msingi, unachagua hatua, robo au theluthi ya stopu, na saa yenyewe inakutolea vipande vya majaribio kimoja baada ya kingine bila wewe kupiga hesabu gizani. Nyingine zinakumbuka hata ratiba ya kuziba na kuongeza mwanga. Ile StopClock ya wataalamu ina kitu ambacho wachapaji wa karatasi za nyuzinyuzi hukipenda: hupunguza muda kidogo kufidia weusi unaoongezeka picha inapokauka. Anayechapa kwenye karatasi za plastiki hana haja nacho. Bei ya saa hizi, mpya, nilizoziona ni kuanzia kama pauni 200 kwenda juu, yaani karatasi 140 kwa hesabu yangu ya Dar.

Ziko pia za kutengenezewa na fundi. Kijana anayejua bodi za Arduino atakuundia saa ya stopu yenye tarakimu nyekundu, na vifaa vyote anavipata Kariakoo au kule Luthuli Avenue, Nairobi. Yangu ilinigharimu shilingi 100,000 pamoja na chai ya fundi: karatasi ishirini. Nimeitumia kuliko kifaa kingine chochote. Sharti langu kwa fundi lilikuwa moja, kwamba swichi ya umeme wa volti 230 ikae kwenye boksi la plastiki lililofungwa, mbali na trei, na kibonye cha kuwashia kiwe cha mguu na cha volti ndogo. Chumba cha giza ni chumba chenye maji, na mtu mwenye vidole vilivyolowa asiguse waya wenye moto. Kama fundi anakuambia "hakuna shida" kabla hajakuuliza taa yako ni ya wati ngapi, tafuta mwingine.

Sasa umeme. Hapa ndipo ninapogombana na majarida ya kizungu, kwa sababu wao huandika wakiwa wanaishi mahali ambapo umeme haupumui.

Taa ya nyuzi, ikiwemo ile ndogo ya halojeni ya volti 12 iliyomo kwenye mashine nyingi, haipungui mwanga kwa kiasi kile kile volti zinavyopungua, inaporomoka. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 215, ambayo ni pungufu isiyofika asilimia saba, taa inapoteza kama asilimia ishirini ya mwanga wake. Hiyo ni theluthi nzima ya stopu, hatua moja kamili kwenye jedwali lako. Tena taa iliyonyong'onyea inakuwa ya njano, na kwa kuwa karatasi haioni wekundu, kwake hasara ni kubwa kuliko unavyoiona wewe, na hata gredi inayumba. Jirani akiwasha pasi saa mbili usiku, kipande chako cha majaribio kimekuwa uongo kabla hakijafika kwenye dawa. Usiku ule wa Ramadhani sehemu ya taka zangu ilitokana na hilo. Mtaa mzima ulikuwa jikoni.

Hakuna saa wala analaiza itakayokuponya. Analaiza itapima mwanga wa dakika hii na kukupa jibu sahihi la dakika hii, halafu utaweka karatasi dakika ya pili umeme umeshuka. Ndiyo maana fedha ya kwanza kabisa naiweka hapa. Stabilaiza za bei rahisi, zile za friji na televisheni, hurekebisha kwa kuruka: zinasubiri volti zishuke vya kutosha, kisha "tak", zinapandisha kwa mkupuo. "Tak" hiyo ikitokea katikati ya sekunde zako kumi na mbili, umepata kitu kibaya kuliko kushuka kwenyewe. Ile ya mota inayojirekebisha pole pole ni bora na ghali kidogo. Kwa mashine yenye taa ya volti 12, mimi nilitupa transfoma ya zamani nikaweka pawasaplai ya kisasa inayokubali umeme wowote kati ya volti 100 na 240 na kutoa 12 zisizotikisika. Taa ya wati 100 inakula ampea zaidi ya nane, kwa hiyo chukua ya ampea 15, kwa sababu nyuzi zikiwa baridi huvuta nyingi zaidi na pawasaplai dhaifu hujizima. Baada ya hapo nilichapa vipande vitano vya muda mmoja kwa nyakati tano za usiku mmoja nikavipanga mezani. Vilikuwa sawasawa. Tangu ninunue mashine ile, ilikuwa mara ya kwanza.

Ukishatulia hapo ndipo neno "kipimo" linapata maana.

Cha rahisi kuliko vyote ni Ilford EM10. Hakikupi muda wala gredi. Unachapa picha moja mpaka uipende, unaweka EM10 mahali fulani pa picha, unazungusha kitufe mpaka taa ya kijani iwake, unaandika namba. Kesho ukibadilisha ukubwa, unakirudisha mahali pale pale na kufungua au kufunga lenzi mpaka kijani kirudi. Muda unabaki ule ule. Kwa anayechapa negativu moja kwa ukubwa tofauti tofauti, au negativu nyingi zilizopigwa studio kwa taa zile zile, ni kifaa kinachojilipa haraka ajabu, na mitumba yake ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili London. Kwa mzee wangu wa Bagamoyo hakikusaidia, maana shida yangu ilikuwa gredi.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vipima mwanga vya kawaida vya Kichina, vile vya kupimia taa za ofisi. Hesabu inavikataa. Karatasi yenye kasi ya P200, kasi ya Multigrade kwenye filta za kawaida, inataka kama luksi 5 kwa sekunde moja ili itoe kijivu cha kati. Kwa sekunde kumi hiyo ni nusu luksi. Kifaa kinachosoma kwa hatua za luksi 0.1 kinaruka kutoka 0.5 hadi 0.4, na mruko huo mmoja ni theluthi ya stopu. Ukienda kwenye kanzu, penye mwanga kidogo zaidi, kinaandika 0.1 au sifuri na kukuacha ukikitazama.

Analaiza halisi ni kitu kingine. Niliazima Analyser Pro ya RH Designs kutoka kwa rafiki aliyerudi kutoka Uingereza, na kwa bahati nzuri plagi zake ni zile zile za miguu mitatu tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda. Nikamrudisha mzee wa Bagamoyo kwenye mashine.

Kwanza taa nyekundu inazimwa, kwa sababu jicho la kipimo haliwezi kujua mwanga upi ni wa negativu na upi ni wa ukutani. Gizani, ubaoni, kila kitu kimegeuka: kanzu ni doa jeusi, mlango unang'aa. Nikaweka jicho juu ya mkunjo wa kanzu pale begani, mahali pa mwisho ambapo nilitaka uzi uonekane, nikabonyeza. Juu ya kifaa kuna mstari wa taa ndogo ndogo, na pembeni yake kipande cha rangi kinachoanzia nyeupe hadi nyeusi. Ikawaka taa ya pili kutoka kwenye weupe, na saa iliyomo ndani yake ikaandika sekunde. Nikahamishia jicho kwenye ua la nakshi lililo karibu na kitasa. Taa ya mwisho kabisa ya weusi ikawaka. Maana yake, kwa gredi 3 niliyokuwa nimeing'ang'ania usiku ule, ua lile lisingeonekana kamwe, hata ningechapa karatasi mia. Nikashusha gredi kwa kibonye: 2½, 2, 1½. Kila hatua taa ya mlango ilirudi nyuma kidogo kwenye mstari, ya kanzu ikakaa pale pale, na sekunde zikajirekebisha zenyewe. Nilipofika 1½ ua likaingia ndani ya picha.

Nikaweka filta, nikaweka karatasi. Picha iliyotoka haikuwa ya kutundika. Uso wa mzee, ulio kivulini chini ya kofia, ulikuwa mzito na ulihitaji kuzibwa theluthi moja ya stopu, jambo ambalo hakuna jicho la kielektroniki lingenishauri. Karatasi ya tatu ndiyo iliyokwenda kwenye fremu. Tatu, dhidi ya saba na nusu za bure.

Kwa hiyo ninunue? Subiri kwanza. Kifaa hiki kinafanya kazi baada ya kufundishwa karatasi yako, na somo lenyewe linakula karatasi kadhaa. Kina nafasi nane za kukumbuka karatasi tofauti, na utazihitaji: Ilford ya plastiki na Ilford ya nyuzinyuzi hazilingani, na Foma ya Jamhuri ya Czech, ambayo wengi huinunua kwa unafuu, ina tabia zake kwenye filta zile zile. Kisha kuna joto. Maelekezo ya dawa ya Ilford, kwa karatasi ya plastiki, ni dakika moja kwa nyuzi 20. Bomba langu la Dar hutoa maji ya nyuzi 28 bila kuombwa. Kama umekifundisha kifaa na dawa ya nyuzi 20 kwa barafu, kisha siku nyingine umekosa barafu, kitakupa majibu ya chumba kingine. Mimi nilikifundisha kwa nyuzi 26, joto ninaloweza kulilinda mwaka mzima kwa beseni la maji baridi, na hilo lilikuwa muhimu kuliko usahihi wa kitabu. Boksi la karatasi lililolala kwenye unyevunyevu wa pwani mpaka likaanza kuwa na ukungu nalo halipimiki. Litupe.

Bei yake niliyoiona, kutegemea mpya au mtumba, ni kati ya pauni 300 na 500. Tuchukue 400: kwa fedha yetu ni karibu shilingi 1,400,000, karatasi 280. Tuseme inakuokolea karatasi mbili kwa kila negativu. Itabidi uchape negativu 140 ndipo irudishe gharama. Kwa anayechapa negativu kumi kwa mwezi, ni miezi kumi na minne, na baada ya hapo anakula faida. Kwa anayechapa tatu kwa mwezi, karibu miaka minne. Linganisha na saa yangu ya fundi: karatasi ishirini, ikiokoa moja tu kwa negativu imejilipa kwenye negativu ya ishirini. Hata mwenye haraka ya mafanikio ataona tofauti.

Kama tayari una saa nzuri usiyotaka kuiacha, RH Designs hao hao wana Zonemaster, analaiza ya mkononi isiyo na saa ndani, na huo ndio mpangilio ninaoupenda: kununua kipimo peke yake siku kazi ikiongezeka, bila kuilipia saa mara ya pili. Boksi moja lenye vyote lina uzuri wake, lakini likiharibika, umepoteza vyote siku moja, na fundi wa mtaani hana mchoro wake.

Juu kabisa ya ngazi wako Heiland wa Wetzlar, Ujerumani, na Splitgrade yao, inayopima weupe na weusi kisha inabadilisha filta yenyewe kwa mota. Bei yake inaanzia kwenye maelfu ya euro. Maabara inayochapa kwa ajili ya wateja kila siku itajua kama inaihitaji. Mimi sijui mtu binafsi hata mmoja wa huku aliye nayo, na sina wivu.

Analaiza za rangi sitazisema sana. Jobo Colorstar na wenzake wa zamani walikuwa vifaa vya maana, na leo huuzwa kwa bei ya kutupa, lakini vinataka uanze na picha moja iliyotoka sawasawa rangi zote ndipo vikufuatishie nyingine, na kuchapa rangi chumbani ni giza totoro na dawa zinazodai joto lisiloyumba. Ukikutana na analaiza ya rangi ya zamani zaidi, uliza kama jicho lake ni la tyubu ya kukuza mwanga. Tyubu hizo zikiwashwa huku jicho likitazama taa ya chumba, huharibika, na muuzaji aliyekupigia video ya "inafanya kazi" mchana kweupe huenda ameiua mbele yako.

Kwa mtumba wowote, muulize muuzaji mambo machache kabla ya kutuma fedha: volti na mapigo yaliyoandikwa nyuma, waya wa jicho, maana ndio unaokatika kwanza pale unapoingia kwenye boksi, na rangi ya tarakimu. Tarakimu nyekundu ni salama. Za kijani zitaacha ukungu kwenye karatasi iliyo karibu, na hutajua ukungu umetoka wapi. Angalia pia saa inaweza kubeba taa ya wati ngapi, hasa kama umebadilisha ya nyuzi ukaweka ya LED, kwani swichi nyingine hazipendi mshtuko wa mwanzo wa taa hizo.

Ile saa ya Kimarekani sikuiuza. Nimeitundika juu ya trei, inapima muda wa dawa, kazi isiyodai sehemu za sekunde. Dakika moja juu yake ni sekunde 72 za kweli, kwa hiyo niliandika kikaratasi nikakibandika chini ya uso wake: "PANGA 50, UPATE 60." Niliandika kwa wino mwekundu ili kisomeke kutoka mbali. Nikazima taa ya chumba, nikawasha ile nyekundu, na maandishi yote yakatoweka. Sasa yako kwa wino mweusi.